Dada Nukta Anashuka Ngazi za Chumba cha Mashine

Leo, tarehe 30 Juni, Dada Nukta anastaafu baada ya kuuonyesha mtaa huu filamu kwa miaka arobaini na mitatu na miezi miwili. Alianza kazi hapa sinema akiwa na umri wa miaka kumi na saba, kibarua wa likizo, miguuni kavaa viatu vya shule. Anaondoka na miaka sitini, macho mazima, magoti mazima, na ngazi ishirini na sita za kwenda chumba cha mashine anazipanda bila kushika ukuta. Mwandishi wa wasifu huu ni mdogo kuliko yeye kwa mwaka mmoja, na anashika ukuta.

Mhariri wa ratiba hii aliomba ukurasa mmoja na nusu wenye bashasha. Bashasha itakuwapo. Lakini si haki kumficha msomaji kwamba anayeandika amekuwa akimwonea mstaafu gere tangu wiki ya sita ya ajira yao, na hadi asubuhi ya leo hajapona. Si wivu wa kumwombea mtu mabaya. Ni kile kijiba cha roho kinachomfanya mtu apige makofi huku akisikiliza kama wenzake wanapiga zaidi yake. Mkurugenzi alipouliza kikaoni ni nani amemjua Dada Nukta kwa muda mrefu kuliko wote, shingo zote ziligeuka upande mmoja, na mwandishi akakubali kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji atakuwa ameliona. Katika ratiba mliyoshika, kipengele cha tano ni Nishani ya Utumishi Usio na Doa. Nishani hiyo hupewa mstaafu ambaye faili lake halina hata barua moja ya onyo. Mbele ya kipengele hicho pameandikwa: hakuna mwaka huu. Faili la Dada Nukta lina barua moja ya onyo, ya miaka arobaini na mmoja iliyopita, karatasi yake imeshageuka rangi. Faili la mwandishi halina barua. Mkurugenzi alimweleza mwandishi hayo kwa nia njema kabisa siku alipompa kazi hii, akaongeza kwamba mwakani, zamu yake ya kustaafu ikifika, nishani ni yake. Mwandishi alifurahi. Alirudi nyumbani akipiga mluzi, hata mkewe akamuuliza kama amepandishwa cheo.

Tuanze mwanzo.

Wakati huo sinema ilikuwa na viti mia tatu na kumi vya mbao, dirisha moja la tiketi, na mlango wa nyuma wa kupokelea mizigo. Vijana wawili walifika siku moja kuomba kazi ya likizo, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wakaandikwa katika daftari moja kwa kalamu moja. Walikabidhiwa kwa Fundi Mkuu, mzee mwembamba aliyekuwa akizungumza na mashine zake kwa upole ambao binadamu hakuwahi kuupata kwake. Fundi Mkuu alihitaji msaidizi mmoja tu. Alisema atawafundisha wote wawili kwa wiki sita, kisha atachagua.

Kwa vijana wa leo, ambao wanaijua filamu kama kitu cha kubofya, inafaa kueleza kidogo. Filamu moja ilikuwa mkanda mrefu uliogawanywa vipande sita au saba, kila kipande ndani ya kopo lake la bati, namba imepakwa rangi juu ya kifuniko. Kipande kimoja kilidumu kama dakika ishirini. Mashine zilikuwa mbili: hii ikimaliza, ile inapokea, na mtazamaji asijue. Ili fundi ajue wakati wa kubadilisha, nukta ndogo hujitokeza kwenye pembe ya juu ya picha, upande wa kulia. Nukta ya kwanza humwambia awashe mashine ya pili. Nukta ya pili, sekunde chache baadaye, humwambia abadilishe. Nukta yenyewe hukaa kitambo cha kupepesa jicho tu. Aliyekwenda kutazama sinema haioni maisha yake yote.

Wiki ya sita Fundi Mkuu aliwaketisha vijana wake safu ya mbele, akampa kila mmoja karatasi na penseli, akawaambia wachore mstari kila wanapoona nukta. Filamu ilikuwa ya mama anayemtafuta mwanawe. Taa zilipowashwa, karatasi ya binti ilikuwa na mistari kumi na miwili, imenyooka. Karatasi ya mwandishi ilikuwa na mistari minane, na imelowa, kwa sababu mama wa watu alikuwa amempata mwanawe. Fundi Mkuu alizitazama karatasi zote mbili. Alisema, "Wewe unatazama sinema. Mwenzako anatazama kazi." Halafu akampa mwandishi tochi.

Hivyo ndivyo Dada Nukta alivyopata jina lake na chumba chake, na mwandishi akapata mlango wa ukumbi, kazi ya kuchana tiketi na kuwaonyesha watu viti vyao gizani. Wapo watakaosema kazi ni kazi. Wanaosema hivyo hawajawahi kushika tochi chini ya chumba cha mashine. Mwanga unatoka juu ya kichwa chako, vumbi linacheza ndani yake, watoto wa safu ya mbele wanageuka kulitazama tundu unakotokea, na wanapunga mkono. Wanampungia yeye. Wewe unawaambia wageuke, wakae vizuri.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama mzazi wa mwandishi alikuwa akiuliza mbele ya wageni, "Mlianza pamoja. Mwenzako yuko juu, wewe bado uko chini, kwani tatizo liko wapi?" Miaka baadaye mwandishi alipooa, mkewe aliomba aletwe kazini amsalimie Dada Nukta. Binti yao wa kwanza alipoulizwa shuleni atakuwa nani akikua, hakusema atakuwa kama baba. Mwandishi aliitwa na mwalimu aelezwe habari hiyo njema.

Dada Nukta hakuyajua haya, au aliyajua akayaacha yapite. Yeye alikuwa akifanya kazi. Mkanda wa filamu moja kongwe ulipokatika mara kumi na moja katika alasiri moja, gundi ikaisha, aliteremka kwa mama wa dirisha la tiketi kuazima rangi ya kucha, akaungia. Kila palipounganishwa, mstari mwekundu ulipita kwenye picha, na kufikia mstari wa nne ukumbi mzima ulikuwa ukiushangilia. Umeme ulipokatika katikati ya filamu ya watoto, alitoka na taa ya kandili, akasimama jukwaani, akawasimulia mwisho wa hadithi kwa vidole vyake kwenye pazia jeupe, na hakuna mtoto aliyedai tiketi yake. Aliweza kukaa kantini, akanywa chai, akasikia kupitia dari kwamba mkanda wa kuzungushia mashine ya pili umelegea. Amefundisha mafundi kumi na mmoja, na tisa kati yao wana kumbi zao. Zilipoletwa mashine za kompyuta, alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kampuni ilitenga mwezi mzima wa mafunzo. Siku ya saba mwalimu alikuwa anamuuliza yeye.

Mwandishi anaweza kuthibitisha ubora huo kwa namna ambayo mkurugenzi hawezi. Tangu siku ya karatasi ile, hajaweza tena kutazama filamu bila kuziona nukta. Miaka yote ya mikanda alisimama nyuma ya ukumbi akiitazama pembe ya juu ya kulia, akimsubiri Dada Nukta akosee. Alikuwa na kijidaftari. Katika maelfu ya mabadiliko ya mashine aliandika makosa manne, na kwa kuwa ni mtu wa haki, baadaye alifuta moja, maana siku hiyo paka aliingia chumba cha mashine. Sidhani kama kuna mfanyakazi yeyote wa kampuni hii aliyewahi kukaguliwa kwa bidii kiasi hicho, na kwa moyo mbaya kiasi hicho, na akafaulu.

Hapo nimesema "sidhani". Mwandishi ameshindwa kujificha, na kwa yanayofuata itabidi aseme mimi.

Barua ya onyo iliyomo kwenye faili la Dada Nukta inasema kwamba Jumamosi moja, katika onyesho la saa nane mchana, alionyesha vipande vya filamu nje ya mpangilio kwa uzembe. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi na minane. Ilikuwa likizo ya shule na viti vyote vilikuwa vimejaa. Filamu ilikuwa ya harusi ambayo baba wa bwana harusi anaumwa. Katika kipande cha nne harusi inafanyika na mzee anacheza mpaka fimbo inamdondoka. Katika kipande cha tano mzee amefariki na anazikwa. Watu wa Jumamosi ile walimzika kwanza. Ukumbi ulilia wote. Dakika ishirini baadaye mzee alitokea harusini, mzima wa afya, akicheza. Mtu mmoja akasema, "Ndugu zangu, amefufuka." Hapakukalika tena. Waliocheka walikuwa chini ya viti, na kina mama waliokuwa wamelia walikwenda kwa Meneja wa wakati huo kulalamika kwamba wamelizwa bure.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Enzi hizo mkanda mmoja ulitumiwa na sinema mbili. Wenzetu wa mtaa wa pili walianza onyesho lao saa moja kabla yetu, na kila walipomaliza vipande viwili au vitatu, mjumbe wa baiskeli aliyafunga makopo nyuma ya kiti akayaleta kwetu mbio. Kazi ya kuyapokea mlangoni na kuyapandisha juu ilikuwa yangu. Ngazi zetu zina dirisha dogo katikati, na hapo ndipo nilipokuwa na tabia yangu. Nilikuwa nikikaa kwenye ngazi, nafungua kopo, navuta kidogo cha mkanda, nauinua kwenye mwanga wa dirisha ili nizione picha, moja moja, ndogo kama kucha. Hakuna aliyeniruhusu. Chumba cha mashine sikuwa nacho, kwa hiyo nilijichumia dakika mbili za ufundi njiani.

Jumamosi ile nilifungua makopo mawili kwa pamoja, namba nne na namba tano, nikitaka kulinganisha uso wa mzee akicheza na uso wake akiumwa. Mjumbe akaniita kutoka chini, kuna kopo alisahau kunipa. Nikarudisha mikanda haraka, nikafunga vifuniko, nikapeleka. Mkanda wa nne niliuweka chini ya kifuniko namba tano, na wa tano chini ya namba nne. Kwa kawaida mwanzo wa kila mkanda umeandikwa namba, lakini mkanda ule ulikuwa umezeeka na ncha zake zilishakatika zamani. Fundi hakuwa na alama nyingine ila kifuniko.

Na Dada Nukta, kama mlivyosikia, hatazami hadithi. Anatazama pembe.

Kwenye ukuta wa nyuma wa ukumbi, kando ya kiti cha mwisho karibu na mlango, palikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, kengele inalia chumba cha mashine. Fundi hasikii ukumbi kwa kelele za mashine, kwa hiyo picha ikififia au sauti ikipotea, mshika tochi anabonyeza, na fundi anasimamisha. Filamu ile nilikuwa nimeshaiona mara tano wiki hiyo. Jeneza lilipotokea badala ya maharusi, nilijua sekunde ileile. Kidole changu kilifika kwenye kitufe. Kama ningebonyeza, taa zingewashwa, vipande vingebadilishwa, Meneja angeomba radhi, na jambo lingekwisha kwa dakika tatu.

Sikubonyeza. Nilidhani ni kosa lake, na nilitaka lionekane. Nataka niliseme hili kama lilivyokuwa: nilisimama pale na moyo wangu ukawa mwepesi. Nilitazama watu wakilia, nikawaza kwamba leo na yeye ataulizwa tatizo liko wapi. Zilipita dakika sita au saba hivi ndipo nilipoikumbuka ngazi, na dirisha, na vifuniko viwili mapajani mwangu. Hapo wivu uliniacha, ukaja woga, na woga nao haukubonyeza. Kipande kilikwenda mpaka mwisho.

Meneja alituita wote ukumbini watu walipotoka. Aliuliza ni nani. Alikuwa mtu mwenye sauti, na aliuliza mara tatu. Mimi nilitazama tochi yangu. Dada Nukta alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Chumba ni changu. Kikitoka kibaya, kimetoka kwangu." Aliandikiwa barua palepale, akasimamishwa kazi siku kumi na nne. Fundi Mkuu alikuwa ameshastaafu, na mtu mwingine aliyefundishwa mashine alikuwa mmoja tu. Meneja akanipa ufunguo.

Kwa siku kumi na nne nilikuwa juu. Mlango aliachiwa mpwa wake Meneja, binti aliyekuja likizo. Watoto walinipungia mimi. Mama yangu alikuja kutazama, akageuka kila baada ya muda kulitazama tundu, mpaka waliokaa nyuma yake wakalalamika. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na sijawahi kulala vibaya namna ile. Niseme pia kwamba sikuwa fundi mzuri. Siku ya tatu kengele ililia, nikatazama, kumbe picha ilikuwa imepanda na watu wanaongea bila vichwa. Siku ya tisa ililia tena, nikaona moshi mwembamba kwenye mashine ya kwanza: mkanda ulikuwa umekwama mbele ya taa na umeanza kuungua. Kengele ingechelewa kidogo tu, ningeliunguza lile jumba. Nilimshukuru moyoni yule mpwa wa Meneja, nikasema ana macho.

Siku ya kumi na tano nilirudi mlangoni, na nilipita dirishani kumsalimia mama wa tiketi. Aliniambia huku akipanga tiketi zake kwamba amemhurumia sana Dada Nukta, maana siku zote kumi na nne alikuja, akanunua tiketi ya saa nane kama mtu wa nje, na akaomba kiti kilekile. Nikamuuliza kiti kipi. Akanijibu cha mwisho, karibu na mlango, kwenye kitufe.

Nikaenda kazini. Onyesho lilipokwisha Dada Nukta aliteremka, akanisimamisha kwenye ngazi, akanipa nusu ya tiketi iliyochanwa. "Kaka," akasema, "hii ilikuwa ndani ya kopo namba tano. Nafikiri ni yako." Mikono yangu ilikuwa daima na vipande vya tiketi, kimoja kilidondoka humo nilipokuwa nafungua. Kwa hiyo alijua. Alikuwa ameshakiona Jumamosi ileile wakati anarudisha mikanda kwenye makopo, kabla Meneja hajauliza. Alisubiri kidogo, nafikiri alinipa nafasi niseme. Nikasema asante. Akapanda zake juu, na kwa miaka arobaini na mmoja hajalitaja tena, si kwa utani, si kwa hasira, hata siku nilipompita kwenye uchaguzi wa kiongozi wa wafanyakazi kwa kura tatu nikajidai wiki nzima.

Mngedhani mtu akitendewa hivyo wivu unamtoka. Wangu uliongezeka. Mwanzo nilimwonea wivu wa chumba. Baada ya hapo nikamwonea wivu wa roho yake, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu chumba unaweza kungoja kiwe wazi.

Jumatatu ya wiki hii nilikaa niandike wasifu wenye bashasha. Niliandika rangi ya kucha, nikaandika taa ya kandili, nikafika kwenye nishani. Nikaandika sentensi moja ya kuiruka. Mke wangu, ambaye hakuwa anajua lolote, aliisoma juu ya bega langu akasema, "Mwanamke wa watu anastaafu na bado unambania?" Jumanne nikampelekea mkurugenzi barua ya kurasa mbili, na leo mnasoma yaliyomo. Mkurugenzi aliisoma mara mbili. Aliniuliza kama naelewa kwamba itaingia kwenye faili langu. Nikamwambia ndiyo sababu nimeitia saini. Alikuwa mwungwana, alisema onyo la zamani linaweza kufutwa, na nishani iko kabatini, kinachohitajika ni Dada Nukta kutia saini fomu moja kwamba kosa halikuwa lake.

Alikataa. Aliitwa ofisini Jumatano, mimi nikiwapo, akavaa miwani, akaisoma fomu yote, akairudisha mezani. Mkurugenzi alidhani hajaelewa, akaanza kumweleza upya. Dada Nukta alimngoja amalize. Alisema mkanda usio na namba fundi anaupitisha mkononi na kuutazama kabla ya kuupachika, Fundi Mkuu aliwafundisha hivyo, na Jumamosi ile yeye hakufanya kwa sababu alikuwa na haraka. Kisha akanigeukia. "Kaka, wewe ulichanganya vifuniko. Mimi ndiye niliyeonyesha. Barua yangu niachieni." Nilimwambia haya ni mambo ya miaka arobaini, achukue kitu chake. Akanijibu kwamba kama ni chake basi anajua pa kukiweka. Mkurugenzi alirudisha nishani kabatini na akafunga kwa ufunguo.

Kwa hiyo hatapata. Ofisi haiwezi kumfutia mtu onyo analosema ni lake. Na mimi mwakani sitapata, kwa hiyo kipengele cha tano kitakuwa kitupu miaka miwili mfululizo. Mke wangu anasema angalau sasa tumelingana. Hatujalingana. Yeye aliikataa nishani akaenda kukagua mashine za onyesho la mchana, na mimi bado naifikiria. Hata kutoihitaji kwake kunanitia wivu.

Tulipotoka ofisini aliniomba jambo moja, kwamba nisiyaandike haya. Alisema watu wamealikwa kufurahi, wape rangi ya kucha, inatosha. Nilinyamaza miaka yote hii kwa sababu kunyamaza kulinifaa mimi, na sasa ananiomba ninyamaze tena, safari hii kwa ajili yake, na kwa mara ya kwanza ningekuwa na kisingizio kizuri. Nishani ameweza kuikataa. Ninyi mkishajua, hana la kufanya.

Wenzangu, muda si mrefu jina lake litaitwa, na atapanda jukwaani mikono mitupu, na asiyejua atadhani kuna alichokosa. Naomba ukumbi wote usimame. Asimame na aliyekuja na mtoto, amnyanyue. Nimemkagua mwanamke huyu miaka arobaini na mitatu nikitafuta cha kumsema, na haya mliyosoma ndiyo niliyoyapata.

Dada, utakuwa unaisoma hii sasa, kama wote, na najua unakunja uso. Kunja. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, kuanzia mlangoni hadi juu, asante kwa kazi uliyotufanyia. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana, na wajukuu wasiogusa mitambo yako. Uje utazame filamu ukiwa umekaa katikati ya ukumbi, uangalie nyuso za watu badala ya pembe, na ulie panapoliza.

Na lile swali la Meneja, aliloliuliza mara tatu mbele yako. Ni mimi. Nisamehe.